Nani Aamue Juu ya Mgonjwa Mahututi?



Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni dhahiri: ampendaye mgonjwa hangoji kuombwa, bali hupika na kumlisha. Kwa miaka mingi methali hiyo ilitosha, kwa kuwa msaada aliopewa mtu aliyezidiwa ulikuwa mdogo. Leo mtu huyo huweza kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, akapitishwa mpira kooni, mashine moja ikampumulia na nyingine ikamsafisha damu badala ya figo. Mashine si uji. Yaweza kumrudisha mtu kazini na kwa watoto wake. Yaweza pia kurefusha kufa kwake. Tena mashine ni chache, na apewapo mmoja huenda mwingine akakosa. Hivyo basi limezuka swali ambalo wahenga hawakulazimika kulijibu: nani aamue, na kwa kipimo gani?

Swali hili lina historia yake. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, huko Denmark, ulikumbwa na polio. Wagonjwa walioshindwa kupumua walikuwa wengi, na mashine zilikuwa chache mno. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alionyesha kwamba mgonjwa aweza kupumuliwa kwa mpira uliopitishwa katika tundu la shingoni, na mfuko unaobinywa kwa mkono. Wanafunzi wapatao 1,500 waliibinya mifuko hiyo kwa zamu, usiku na mchana. Hapo ndipo huduma ya wagonjwa mahututi ilipochipuka. Uhaba wa mashine ulijibiwa kwa wingi wa mikono.

Mjini Seattle, nchini Marekani, uhaba ulijibiwa kwa namna nyingine. Mwaka 1960 Dakta Belding Scribner na wenzake walibuni kijibomba cha kuachwa mkononi mwa mgonjwa wa figo, ili damu yake iweze kusafishwa tena na tena. Mtu aliyehesabiwa majuma sasa aliweza kuishi miaka. Lakini kituo kilipofunguliwa mwaka 1962, nafasi zilikuwa chache. Madaktari waliwachuja wagonjwa kwa vipimo vya udaktari, na waliobaki bado walizidi nafasi. Ndipo ikaundwa kamati ya watu saba: mwanasheria, mchungaji, mwenye kazi ya benki, mama wa nyumbani, mtumishi wa serikali ya jimbo, kiongozi wa wafanyakazi na daktari mmoja wa upasuaji.

Wajumbe hao hawakuwa watu wabaya. Walifanya kazi bila malipo, na majina yao yalifichwa. Kosa ni kwamba walikabidhiwa uhai wa watu bila kukabidhiwa kipimo. Wakajikuta wakiuliza: Je, mtu huyu ameoa? Ana watoto wangapi? Ana mali kiasi gani? Amesoma kiasi gani? Huenda kanisani? Jarida la Life lilipozitangaza habari hizo Novemba 1962, wengi walishtuka. Ilidhihirika kwamba mtu mwenye kazi nzuri na sifa mtaani alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko mnyonge asiyefanana na wajumbe. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalipia karibu wagonjwa wote wa figo, na haja ya kamati ile ikaisha. Somo ni kwamba uhaba mwingine hutokana na mipango ya watu, nao waweza kuondolewa na mipango ya watu.

Hata hivyo, mashine zikitosha, swali la pili hubaki: zizimwe lini? Mwaka 1975, katika jimbo la New Jersey, msichana wa miaka 21, Karen Ann Quinlan, alipoteza fahamu asizinduke tena. Wazazi wake waliomba mashine ya kumpumulia iondolewe, madaktari wakakataa. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua kwamba yaweza kuondolewa, iwapo madaktari na kamati ya maadili ya hospitali watakubaliana kuwa hapana tumaini la kurudiwa na fahamu. Mashine ikaondolewa. Binti yule akaendelea kupumua mwenyewe, akaishi hadi Juni 1985. Wazazi hawakuwa wameomba auawe, waliomba asilazimishwe. Na waliodhani wanaijua saa ya kufa kwake walifundishwa unyenyekevu.

Kutokana na mambo hayo ilikua desturi ya ushauri wa maadili hospitalini. Daktari, muuguzi au ndugu wa mgonjwa anapoona mashaka, huomba kikao. Hukaa waganga, wauguzi, jamaa, na mtu aliyefunzwa maadili ya tiba. Kwanza huulizwa matibabu yaweza kuleta nini hasa, si nini kinatamaniwa. Kisha huulizwa mgonjwa mwenyewe angetaka nini, na nani ana haki ya kumsemea. Muuguzi, aliyekesha naye, husikilizwa sawa na bingwa. Kikao hushauri, hakiamrishi. Sababu zake huandikwa katika faili ili ziweze kuhojiwa. Na ikiamuliwa kuondoa mashine, mgonjwa haachwi: maumivu hutulizwa, husafishwa, na ndugu hukaa karibu naye hadi mwisho.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja kwanza usawa wa binadamu, na baada yake heshima inayomstahili kila mtu. Mahali pa kuijaribu imani hiyo si jukwaani tu. Ni pale ambapo kitanda ni kimoja, na wanaokihitaji ni mkulima asiyejulikana na mkubwa anayejulikana. Kipimo cha haki ni kimoja: nani aweza kunufaika na tiba. Cheo, fedha na kujuana si dalili za ugonjwa.

Mwalimu na mtumishi wa serikali wana wajibu hapa. Katika familia nyingi ndio huitwa kuzungumza na daktari kwa niaba ya wengine. Yafaa basi wazungumze na wazee wao mapema, wakiwa wazima, juu ya yale ambayo kila mmoja angeyakubali na yale ambayo angeyakataa. Yafaa pia wadai sababu badala ya kutafuta upendeleo.

Mgonjwa na asiulizwe uji. Lakini mashine aulizwe; na akishindwa kujibu, wasimjibie wenye nguvu, bali wanaomfahamu.