Nauli ya Kuifuata Tiba ya Bure

Hotuba ya mgeni rasmi wakati wa kufunga kambi ya matibabu ya macho katika wilaya moja ya mkoa wa Dodoma

  

Naishukuru kamati ya maandalizi kwa kunialika. Mmemwita muuguzi mstaafu wa macho awe mgeni rasmi, nami naipokea heshima hii kwa niaba ya wauguzi wote wanaohudumu katika zahanati za vijijini.

Jana asubuhi nilikuwa wodini wakati bandeji zinafunguliwa. Mzee mmoja alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono imeshika magoti. Muuguzi alipomaliza kumsafisha jicho, alisimama hatua chache mbele yake, akanyoosha vidole na kumuuliza ni vingapi. Mzee akajibu, "Viwili." Kisha akatazama tena, akasema, "Na kifungo cha pili cha gauni lako kimekatika, binti yangu." Wodi nzima ikapiga vigelegele.

Mlangoni alikuwa amesimama mjukuu wake, binti mdogo, kaishika fimbo ya babu kwa ncha moja. Wote hapa tunaijua fimbo hiyo. Mzee hushika huku, mtoto hushika kule, wakaenda hivyo kisimani, kanisani, mnadani. Mtoto anayeshika fimbo hiyo saa tatu asubuhi hayuko darasani. Kwa hiyo mtoto wa jicho alipomfunga macho babu, alimfunga na mjukuu nyumbani. Tunapohesabu watu waliotibiwa wiki hii, naomba tuwahesabu na walioshika fimbo.

Madaktari wetu, asanteni sana. Kumtoa mtu mtoto wa jicho na kumwekea lenzi bandia ni kazi ya dakika chache kwa daktari aliyezoea, lakini dakika hizo zinahitaji hadubini ya upasuaji, lenzi ya kipimo sahihi, vifaa vilivyotakaswa, umeme usiokatika, na mtu aliyesoma miaka mingi. Yote hayo mmeyaleta, na hakuna mgonjwa aliyedaiwa hata shilingi. Mungu awalipe.

Sasa niseme lililonileta. Wenzetu wa mapokezi walinionyesha madaftari mawili. Moja ni la uchunguzi uliofanyika vijijini kabla ya kambi. La pili ni la waliofanyiwa upasuaji. La kwanza lina majina mengi kuliko la pili. Wapo waliokutwa na matatizo ambayo upasuaji huu si dawa yake, wakiwamo wenye presha ya macho, ambao uoni wao ukishapotea haurudi. Hao tuwaweke kando. Lakini wapo walioambiwa wazi, "Mama, hili linatibika, njoo siku fulani, ni bure," na hawakuja.

Wengine hapa watasema ni ujinga, au ni imani za kishirikina. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sikubali. Hofu ya kisu ipo, na ni hofu ya mtu mwenye akili timamu, kwa sababu jicho halina spea. Dawa yake ni kumtuma mtu wa kijiji kile kile aliyekwisha kupona akasimulie. Lakini wengi hawakuzuiwa na hofu. Walizuiwa na hesabu. Bodaboda mpaka barabara kuu, basi mpaka mjini, kisha vyote hivyo kurudi. Na kipofu hasafiri peke yake, kwa hiyo nauli ni ya watu wawili. Na mtakula nini siku za kusubiri? Mama mmoja aliulizwa kwa nini hajaenda, akajibu kwa swali: "Na mbuzi nimwachie nani?" Mwenye kusema tiba ni bure hakumwambia uongo. Ila bure hiyo ilianzia kwenye geti la hospitali, na mama yule anaishi mbali sana na geti.

Ndugu zangu, tatizo hili si letu peke yetu na si jipya. Mwaka 1976, katika mji wa Madurai kusini mwa India, daktari mstaafu aitwaye Govindappa Venkataswamy alianzisha hospitali ya macho, Aravind, kwa vitanda 11. Alikuwa na umri wa miaka 58, na vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa ugonjwa wa viungo tangu ujana. Wenye uwezo walilipa, wasio na uwezo wakatibiwa bure au kwa malipo madogo, chini ya madaktari wale wale. Nao walikwenda vijijini kufanya uchunguzi, wakagundua kwamba wengi walioambiwa waje hawaji, kwa sababu hizi hizi: nauli, chakula, mtu wa kuwasindikiza. Hawakuwalaumu. Walileta mabasi kijijini, wakawachukua wagonjwa siku ile ile, wakawalisha, wakawatibu, wakawarudisha. Kisha mwaka 1992 wakaanzisha kiwanda chao cha lenzi, Aurolab, bei ya lenzi ikashuka sana. Leo Aravind ni miongoni mwa taasisi zinazofanya upasuaji mwingi zaidi wa macho duniani.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari. Hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam hutibu fistula, jeraha linalompata mwanamke aliyekaa na uchungu wa uzazi muda mrefu bila msaada, akabaki mkojo unamtoka bila kuweza kuuzuia. Wanawake hawa hutengwa, wengine huachwa na waume zao. Matibabu yalikuwa bure, lakini wengi walibaki vijijini, wengine bila hata kujua kwamba ugonjwa wao unatibika. Kuanzia mwaka 2009 CCBRT ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa. Mtu wa kujitolea akimtambua mgonjwa huko aliko, anawasiliana na hospitali, nauli inaingia kwenye simu ya mtu huyo, anamkatia mama tiketi, mama anapanda basi. Waliofika hospitali wakaongezeka. Mimi nauona utaratibu huo kuwa miongoni mwa mambo ya busara kuliko yote yaliyofanywa katika hisani ya afya nchini mwetu, na uligharimu nauli ya basi!

Kwa hiyo nawaomba wafadhili wetu, kambi ijayo bajeti yenu iwe na mstari wa nauli na mstari wa chakula, na isiwe ile inayokatwa kwanza fedha zikipungua. Bora kutibu wachache wa vijiji vya mbali kabisa kuliko kujaza daftari kwa watu wa mjini ambao wangeweza kufika siku yoyote. Na mkipanga tarehe, tuulizeni sisi. Hapa Ugogoni mvua ni za msimu mmoja. Mwezi Januari kila mkono uko shambani, na hakuna mtu atakayeliacha shamba la uwele aende kulala hospitali. Njooni baada ya mavuno.

Kuna jambo la heshima ya mgonjwa, na hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Mgonjwa wa bure ni mgonjwa. Ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, Kigogo ikibidi, jicho lake lina nini, upasuaji una hatari gani, na kwamba akikataa hataonewa. Ana haki ya dawa ambayo muda wake haujakaribia kwisha. Na picha yake ni mali yake. Nimeona mahali fulani bibi anapigwa picha machozi yakimtoka, uso mzima, ili ikachangishiwe fedha, naye hakuulizwa. Wiki hii, nimefurahi sana, kila aliyepigwa picha aliombwa kwanza, na waliokataa wametibiwa kama wengine. Endeleeni hivyo.

Tena kambi ikifungwa, jicho bado linahitaji uangalizi. Mgonjwa anaweka dawa ya matone kwa wiki kadhaa, na wengine watahitaji miwani ya kusomea. Jicho likiwa jekundu na kuuma usiku wa kumi, daktari ameshapanda ndege. Atakayegongewa mlango ni muuguzi wa zahanati. Ndiyo maana nimefurahi kusikia kwamba wauguzi wetu wawili wamekaa ndani ya chumba cha upasuaji wiki nzima wakijifunza. Mganga Mkuu, tafadhali wasihamishwe idara mwezi ujao.

Nisiondoke bila kuutaja ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, kwa sababu huu ni mkoa wake. Jirani zetu wa Kongwa wamefanyiwa utafiti wa ugonjwa huu tangu miaka ya 1980, na dunia ilijifunza mengi kutoka kwenye nyuso za watoto wetu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kupata dawa ya azithromaisini ya msaada mwishoni mwa miaka ya 1990. Dawa hiyo imewaokoa wengi. Lakini vikope huenezwa kwa vidole, nguo na nzi wanaotua kwenye uso wenye tongotongo, na mtoto akiambukizwa tena na tena, ukubwani kope hugeukia ndani, zikaparua jicho kila anapopepesa. Daktari anaweza kuzigeuza kope hizo. Hawezi kumnawisha mtoto uso kila asubuhi mahali ambapo ndoo ya maji inatafutwa tangu alfajiri. Mheshimiwa Diwani, kisima cha kitongoji ni tiba ya macho. Kijadiliwe katika baraza kwa uzito huo.

Hisani haiwezi kuwa mfumo wa afya wa nchi. Tangu mwaka 1993 utaratibu wa kuchangia gharama ulipoanza katika hospitali za serikali, kumekuwa na msamaha kwa baadhi ya makundi, na leo wazee wasiojiweza wamo. Waulizeni wazee waliokaa hapa mbele ni wangapi wanacho kitambulisho cha msamaha huo mfukoni. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imewatambua wasio na uwezo. Kazi ya watendaji wa vijiji ni kuhakikisha orodha za watu hao ni za kweli: mjane wa kitongoji cha mwisho awemo, na mwenye duka asiwemo. Orodha mbovu humnyima mtu tiba kama vile geti lililofungwa.

Nimalizie kwa vitendo. Majina ya waliochunguzwa wasifike nimeomba yanakiliwe, kila kijiji na ukurasa wake, na kwa makubaliano ya wagonjwa wenyewe yakabidhiwe kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wahudumu, nendeni mlango kwa mlango. Ulizeni kilichowazuia, mkiandike, mkirudishe kwa Mganga Mkuu. Hospitali imekubali kuwapokea hao kidogo kidogo bila kusubiri kambi nyingine.

Na pale chini ya mwarobaini, kwenye meza ya mhazini wa kamati, kuna sanduku la nauli. Mimi nimeshatoa changu. Mwenye elfu moja alete elfu moja, mwenye bodaboda aandikishe safari moja ya kumleta mgonjwa barabarani, mwenye gunia la mahindi alete debe. Aliyetibiwa wiki hii na hana fedha, tunamwomba ulimi wake: aende kwa jirani yake aliyebaki nyumbani, amweleze alivyolala, alivyochomwa sindano, na anavyoona sasa.

Kwa haya machache, natamka kwamba kambi hii imefungwa rasmi. Mhazini yuko mezani mpaka saa kumi na moja jioni.