Mtambo Ukikwama, Fayawoli Isizimwe



Aliyewahi kupanga foleni kulipia leseni ya biashara au kutafuta faili yake hospitalini anayajua maneno haya: "Mtambo umekwama, rudi kesho." Wakati mwingine seva, yaani kompyuta kuu inayohifadhi rekodi, huwa haijaharibika. Inafanya kazi, lakini imefungia nje hata kompyuta za ofisi yake yenyewe.

Seva inayotumia Windows hulindwa na programu iitwayo fayawoli. Hiyo ni kama askari wa lango: huamua nani aingie na nani azuiwe. Askari huyu ana orodha tatu za amri, ziitwazo profaili. Ya Domeni ni ya ofisi ambayo kompyuta zake zimesajiliwa pamoja. Ya Binafsi ni ya mtandao unaoaminika. Ya Umma ni ya mahali kama mkahawa, ambapo kila jirani ni mgeni, na ndiyo kali zaidi.

Seva ikiwashwa upya na ikose kuutambua mtandao wake, inaweza kushika orodha isiyofaa. Mwezi wa Aprili 2025, kampuni ya Microsoft ilikiri kwamba baadhi ya seva za Windows Server 2025 zilikuwa na kasoro ya aina hiyo. Rekebisho lilitolewa Juni mwaka huo.

Hatari huanza pale foleni inaporefuka na mtu akaona njia ya mkato ni kuzima fayawoli kabisa. Huduma zitarudi, lakini lango litabaki wazi. Tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilienea duniani kupitia mlango namba 445, unaotumika kugawana faili. Hakikungoja mtu abonyeze chochote. Nchini Uingereza, hospitali zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa.

Njia sahihi si ngumu. Kwanza, fundi huangalia profaili inayotumika kwa amri ya Get-NetConnectionProfile. Ikiwa seva ni ya domeni, profaili hiyo haichaguliwi kwa mkono. Fundi hukagua mipangilio ya DNS, kisha huzima na kuwasha kadi ya mtandao ili seva iutambue upya. Ikiwa si ya domeni na mtandao unaaminika, hubadilisha Umma kuwa Binafsi kwa Set-NetConnectionProfile. Baada ya hapo hufungua mlango unaohitajika pekee, kwa kompyuta zinazohusika pekee, na kuandika nani amebadilisha nini na kwa nini. Kazi hii ikifanywa kutoka mbali, ni vyema mwenzake awe karibu na seva, asije akajifungia nje.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua kwamba imevuja na huenda ikamdhuru mwenyewe. Rekodi hizo ni zenu. Katika vikao vya ushirikishwaji wa umma, ulizeni: fayawoli imewashwa? Nani anaruhusiwa kuibadilisha?

Nanyi mkitumia kipakatalishi hotelini au kwenye saiba, chagueni profaili ya Umma. Ya Binafsi ibaki ya nyumbani.