KIPIMO CHA NAFASI: MTOTO WA RUFIJI NA MLANGO WA MUHIMBILI

(Hotuba kwa wazazi na wanafunzi wa Delta ya Rufiji na Kibiti)



Napenda tuzungumze jambo ambalo wazazi wa Nyamisati, wa Mbwera, wa Salale na wa Kibiti huliuliza kila yatokapo matokeo ya mitihani, nalo ni hili: "Je, mtoto wangu atapata nafasi ya kusomea udaktari Muhimbili?" Swali hili aghlabu hujibiwa ovyo. Mwenye kumpenda mtoto husema, "Atapata tu, ana akili." Mwenye kukata tamaa husema, "Mtoto wa delta atafika wapi?" Majibu yote mawili hayana hesabu ndani yake, na jambo lisilo hesabu halifai kujengewa maisha ya mtu.

Nyinyi ni watu wa boriti. Mikoko ya Rufiji imebeba dari za majumba ya Unguja na ya Arabuni, na mnajua ya kuwa mti hauuzwi kwa sifa ya msitu ulikotoka. Hupangwa unene kwa unene, mazio mbali, boriti mbali, pau mbali, fito mbali, kisha huhesabiwa kwa korija. Basi na nafasi ya mtoto nayo tuipime hivyo hivyo, bila ya kumsifu na bila ya kumdharau.

Zamani hapakuwa na haja ya hesabu hii, kwani mlango wenyewe haukuwapo. Kabla ya mwaka 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Aliyetaka shahada alikwenda Makerere au ng'ambo. Oktoba 1961 Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa kwa wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Skuli ya udaktari ilianza mwaka 1963, nayo ndiyo iliyokua hata mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Leo kutoka Kibiti hadi Muhimbili ni safari ya saa chache kwa gari. Njia imekuwa fupi. Nafasi ingali mbali.

Kipimo cha kwanza ni sharti. Katika mtihani wa kidato cha sita, A huhesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Mwenye kuomba udaktari hutakiwa afaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, kwa uchache D katika kila somo, yaani jumla ya 6; na upeo wa juu ni 15. Wazazi wengi huiona 6 wakashangilia. Ndugu zangu, hiyo 6 ni ruhusa ya kupiga hodi, wala si ruhusa ya kuingia.

Kipimo cha pili ni ushindani. Tuchukue mfano tu: nafasi ni 100, na waombaji waliotimiza sharti ni 1,000. Chuo hupanga majina kuanzia juu, wa 15, wa 14, wa 13, mpaka nafasi ziishe. Ikiwa mtu wa mia ana 12, basi aliye na 11 atabaki nje, ingawa amekaribia kulipita sharti mara mbili. Mpaka huo hauwekwi kabla. Huwekwa na waombaji wa mwaka ule wenyewe. Kwa hivyo haitoshi kuuliza kama mtoto ni wa kwanza katika skuli yake. Lazima tuulize atakuwaje akisimama pamoja na wa kwanza wa skuli nyingine zote za nchi. Aliye karibu na 6 asiweke matumaini yake yote Muhimbili. Na aliye karibu na 15 asiliogope jina la chuo kwa kuwa tu ametoka ng'ambo ya mto.

Kipimo cha tatu ni njia aliyopita mtoto, na hapa ndipo penye msiba wetu. Kwa miaka mingi wanafunzi wameingia kidato cha tatu kwa kuchagua ama kuendelea na Fizikia na Kemia, ama kuziacha. Aliyeziacha, mlango wa udaktari ulifungwa siku ile, yeye akiwa na miaka 15 au 16, wala mzazi wake hakuambiwa. Mara nyingi mtoto huyo hakuziacha kwa uvivu, bali kwa kukosa mwalimu wa kumfundisha. Tena alisoma msingi kwa Kiswahili, akafika sekondari akakuta masomo hayo kwa Kiingereza. Tena yakaja maji. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliikumba Rufiji na Kibiti, yakala mashamba na kuwatoa watu majumbani. Na mtihani wa kidato cha sita hufanywa mwezi wa Mei. Karatasi ya matokeo haina mahali pa kuandika mafuriko.

Basi tufanyeje? La kwanza, mzazi na aulize habari za Fizikia na Kemia mtoto akiwa kidato cha pili, asingoje cha sita. La pili, tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa kwa kila chuo mbali mbali. Kijana na aombe kwa ngazi, chuo anachokitamani, chuo kinachomstahiki, na chuo atakachokipata bila ya shaka. La tatu, akichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, athibitishe kimoja kabla ya siku ya mwisho. Kijiji chenye mawasiliano dhaifu kimtume mtu Kibiti mapema. La nne, kuchaguliwa si kupata fedha. Bodi ya Mikopo ina maombi yake na tarehe zake. La tano, aliyekosa asijione ameanguka. Yuko njia ya stashahada ya utabibu, na mwenye kufaulu vizuri huko aweza kuomba shahada ya udaktari. Wazee walisema, kupata si kwa werevu, na kukosa si kwa ujinga.

Na wenye madaraka nao wana deni lao. Makerere mwaka 1990 kilianza kuwaongezea wasichana alama 1.5, na Uganda mwaka 2005 ilianza kutenga baadhi ya nafasi zinazolipiwa na Serikali kwa hesabu ya wilaya. Watu wameyabishania mambo hayo, na ni haki yao. Lakini yanaonyesha ya kuwa nchi yaweza kuzitazama alama pamoja na mahali zilipopatikana. Sisi hatuombi kizingiti kishushwe, kwani mgonjwa wa delta naye anataka daktari aliyefuzu. Tunadai maabara, waalimu wa sayansi, na dahalia ili mtoto asitegemee kupwa na kujaa kwa maji kufika darasani. Hayo yakitimizwa, alama ya mtoto wa Salale itakuwa kipimo cha akili yake. Na mpaka yatimizwe, ni kipimo cha umbali wa kwao.