Ile Nukta Ndogo Kwenye Daftari la Kikundi
(Mazungumzo na vikundi vya akina mama na wakulima, Mbumbuni)

Najua wengine mmeacha ndengu zikiwa zimeanikwa na mnaangalia mawingu. Sitawachelewesha.

Leo nataka tuongee hesabu. Naona mama mmoja pale ameshaanza kucheka. Akina mama, hii si hesabu ya kupita mtihani. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Msimu mmoja nilikuwa naandikia kikundi daftari wakati wa kukusanya ndengu. Kila mtu analeta chake, tunapima, mimi naandika, halafu tunauza pamoja kwa shilingi 100 kilo. Lori lilipokuja, mizani ya mnunuzi ilionyesha kilo chache kuliko daftari letu. Zilikosekana kilo 67.5. Zidisha kwa 100: shilingi 6,750. Pesa hiyo ni karo, na watu hawakunyamaza. Macho yote yalimwendea mweka hazina, kwa sababu funguo za stoo alikuwa nazo yeye. Wiki mbili mama huyo hakusalimiwa vizuri, hata kanisani aliketi benchi la nyuma.

Mwishowe tuliamua kusoma daftari jina kwa jina, kila mtu akisema alileta nini. Tukafika kwa mama mmoja, nikasoma: kilo 75. Akashangaa. "Sabini na tano? Mimi nilileta kamfuko, nilikabeba mkononi tangu nyumbani." Nilipoangalia vizuri, nukta ilikuwa imeangukia juu ya mstari wa daftari, haionekani. Ilikuwa 7.5. Toa 7.5 kwa 75, unabaki na 67.5. Hakuna aliyeiba hata punje. Mwizi alikuwa kalamu yangu, na nilimwomba mweka hazina msamaha mbele ya wote.

Sasa tuangalie nukta hii inafanya kazi gani. Shuleni tulifundishwa kwamba ukizidisha kwa kumi, unaongeza sifuri moja mwishoni. 7 mara 10 ni 70. Sawa. Lakini mtu akifanya hivyo kwa 7.5 anapata 7.50, na hiyo bado ni saba na nusu, haijaongezeka hata kidogo! Hiyo njia ya sifuri inafaa kwa namba nzima tu.

Wazee mlio hapa mnakumbuka senti kumi yenye tundu katikati. Ukiwa nazo kumi, unabadilisha na kupata shilingi moja. Shilingi zikifika kumi, unapanda tena. Hivyo ndivyo namba zinavyokaa, kama ngazi. Upande wa kushoto wa nukta kuna mamoja, makumi, mamia. Upande wa kulia kuna sehemu za kumi, halafu sehemu za mia. Ukizidisha kwa 10, kila tarakimu inapanda ngazi moja. Ile 7 ya mamoja inakuwa ya makumi, ile 5 ya sehemu za kumi inakuwa ya mamoja: 75. Kwa 100 zinapanda ngazi mbili, na pale mamoja palipobaki wazi tunaweka sifuri: 750. Kwa 1,000 ni ngazi tatu: 7,500. Walimu husema nukta inasogea kulia. Kwa kalamu ni kweli inaonekana hivyo, na ukipenda fanya hivyo, mradi uhesabu hatua zako. Kugawanya ni kushuka ngazi zile zile.

Ndiyo maana robo kilo, 0.25, ni gramu 250, na chupa ya lita 0.5 ina mililita 500. Kilo moja ni gramu 1,000, lita moja ni mililita 1,000. Hatua tatu.

Kwa mifugo mambo ni mazito zaidi. Chukua ile dawa ya sindano ya ivamektini ya asilimia 1. Ng'ombe anapewa mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito wake. Hiyo ni 0.02 kwa kilo moja. Kwa kilo 10? 0.2. Kwa ndama wa kilo 100? 2. Mtu akipanda ngazi moja zaidi anavuta 20 kwenye bomba la sindano, na mnyama huyo ndiyo akiba yote ya nyumba. Someni karatasi ya dawa, na mkiwa na shaka muulizeni daktari wa mifugo kabla ya kudunga. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja.

Na dawa ya mtoto, jamani. Mtu akiandika .5 bila kitu mbele, mama aliyekesha na mtoto mwenye homa anaona 5. Hiyo ni mara kumi! Andikeni 0.5, sifuri iwe mlinzi wa nukta. Na 5 iandikwe 5 tu, msiweke 5.0, kwa sababu nukta ikifutika inakuwa 50. Mkipewa dawa hospitalini, mwombeni muuguzi awaonyeshe kwenye bomba lenyewe, kwa kidole, dawa ifike mstari gani.

Katika kikundi chetu sasa tunachora mstari wa kusimama kwenye daftari: kilo nzima kushoto, sehemu kulia. Anayepima anasema kwa sauti, "saba nukta tano," na mwenye mzigo anarudia kabla sijaandika. Halafu tunautazama mzigo wenyewe. Kilo 75 hazibebwi mkononi na mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto. Hata simu ni hivyo hivyo: kabla ya kutuma pesa, hesabu sifuri, kwa maana 500 na 5,000 zinatofautiana kwa mguso mmoja tu wa kidole.

Jumanne ijayo kila kikundi kije na daftari lake na karatasi moja ya dawa ya mifugo. Mizani itakuwa chini ya ule mwembe. Leteni pia kamfuko kadogo ka chochote, tutapima.