Chakula na Pesa Ndani ya Meli ya Bukavu

Ukivuka ziwa Kivu kutoka Goma kwenda Bukavu kwa meli ya usiku, fikiria maji kwanza. Usiyachote ziwani, hata yakionekana safi: kipindupindu hakijatuacha. Beba ya kuchemsha, au yaliyotiwa klorini na kukaa nusu saa. Kwa chakula, chukua kisichochacha haraka: chikwange (mkate wa muhogo), karanga, ndizi, mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa. Sambaza, dagaa wa ziwa hili, ni tamu, lakini zikiwa moto, zilizolala ziache.

Pesa nazo, beba franka ndogo ndogo. Dola iliyochanika hata kidogo watu wanaikataa, na noti kubwa haina chenji melini. Uliza bei kabla ya kufungua chupa.

Bia, nawasihi, ingojee Bukavu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, mchana, watu wakitazama. Ikiwa mchana ni hivyo, gizani aliyelewa atavaaje jaketi la kuokolea? Mama, baba, hilo jaketi liulizieni kabla ya kulipa tiketi. Likikosekana, msipande.