Gari la Kikundi Limezeeka: Tuliuze au Tulitengeneze?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia)



Tumeombwa tuwaeleze jinsi kikundi chetu kilivyoamua juu ya gari. Hatukuja hapa kama wataalamu. Tumekuja kwa sababu jambo hili nusura livunje kikundi, na labda mkisikia yetu, nyinyi hamtagombana sana.

Wengi wenu mnaijua ile stesheni wagoni yetu nyeupe, inayopeleka maembe soko la Wote na kurudi na mbolea, unga na mabati. Tuliinunua mwaka 2013, ikiwa imetumika, kwa harambee na akiba yetu, Sh. 480,000. Leo imetembea kilomita 387,000. Mlango wa nyuma tunaufunga kwa kamba.

Usiku mmoja mama mmoja wa kikundi alishikwa na uchungu wa kuzaa. Tukampakia. Hatukufika mbali, injini ikachemka, moshi ukatoka, tukasimama gizani. Tulimpigia jirani mwenye pikapu, naye akaja, lakini ilikuwa saa nzima. Tunashukuru mama na mtoto ni wazima. Lakini kesho yake mkutano ulikuwa moto. Nusu ya watu walisema, "Uzeni hilo jeneza!" Nusu nyingine, hasa wale waliouza mbuzi wakati wa harambee, wakasema haliuzwi. Mzee mmoja akatukumbusha Peugeot 504 zilizobeba abiria miaka ile, na jinsi Peugeot 504 ilivyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Gari imara halizeeki, akasema. Kijana mmoja akamjibu kwa heshima, "Mzee, hizo za mashindano zilikuwa na mafundi wa kuzingojea njiani. Yetu inangojewa na nani?"

Basi tuliahirisha mkutano wiki mbili, tukafanya mambo matatu.

Jambo la kwanza: tulitafuta fundi mwingine. Yule wa kila siku hula kutokana na gari hilo, na anayetaka kulinunua naye ana lake. Tulimlipa mtu wa tatu alikague tu. Alitazama moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua ndani ya injini. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto, mara nyingi ni maji yameingia. Mweusi ni petroli inayoungua vibaya. Akapima nguvu ya kila silinda. Akalala chini, akagonga chesisi kwa nyundo kutafuta kutu, akatikisa magurudumu, akajaribu breki na usukani. Jibu lake: mwili na chesisi vizima, breki zinafaa, injini inakula oili kidogo, lakini gasketi ya juu imeungua.

Kisha akatuuliza, "Radieta ilianza kuvuja lini?" Tukaangaliana. Ilikuwa imevuja wiki sita, kupitia mpira mmoja tu uliopasuka. Kila asubuhi dereva alijaza maji ya mto, ambayo huleta kutu na magamba ndani ya njia za maji. Hakuna aliyeuliza. Mpira wa bei ndogo ukageuka kazi ya Sh. 45,000, na ukamwacha mama gizani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jameni, hapo ndipo tuliponyamaza. Huo haukuwa uzee wa gari, ulikuwa uzembe wetu. Na gari jipya likiwekwa katika mikono ileile, litafika palepale.

Jambo la pili: mweka hazina alifungua daftari, bila kuhesabu petroli. Kwa miezi 12 tulitumia hivi:

Gasketi na radieta, Sh. 45,000.
Matairi manne, Sh. 28,000.
Shoki na bushi, Sh. 24,000.
Kubadilisha oili na vichujio, Sh. 20,000.
Klachi, Sh. 18,000.
Kuvutwa na kuita mafundi njiani, Sh. 15,000.

Jumla ni Sh. 150,000. Watu wakapiga kelele! Lakini ngojeni. Matairi na oili hata gari jipya litataka, na hizo ni Sh. 48,000. Zinabaki Sh. 102,000. Tukaongeza siku 31 ambazo gari lilikaa bila kazi, kila siku tukikosa faida ya Sh. 1,500, yaani Sh. 46,500. Kwa hivyo ubovu wa gari ulitugharimu Sh. 148,500 kwa mwaka.

Na kubadilisha je? Gari lingine la kiasi lilikuwa Sh. 950,000. Letu tuliahidiwa Sh. 250,000. Akiba tulikuwa na Sh. 260,000. Tungekopa Sh. 440,000 na kulipa karibu Sh. 14,600 kila mwezi kwa miaka mitatu, ambayo ni Sh. 175,200 kwa mwaka. Mkopeshaji alitaka bima kubwa, Sh. 37,000 zaidi ya ile tunayolipa sasa. Jumla, Sh. 212,200 kwa mwaka, na akiba yote imekwisha. Maembe yakikosa soko mwaka mmoja, tungelipa na nini?

Ni kweli deni huisha na gari linabaki. Lakini linabaki likiwa limezeeka miaka mitatu. Tena gari la mtumba lina siri zake. Namba za kilomita huweza kurudishwa nyuma. Ukiona kilomita chache, lakini pedali zimelika na kiti cha dereva kimebonyea, amini kiti.

Jambo la tatu: tulijiuliza swali lisilo na hesabu. Je, gari hili ni salama kwa watu? Kama fundi angesema chesisi imeoza au usukani umelegea, tungeliegesha siku hiyo hiyo, hata kama kulitengeneza ni rahisi. Pesa hurudi, mtu harudi.

Basi tuliamua hivi. Gari tulitengeneze. Kila asubuhi dereva aangalie maji, oili, breki na matairi, aandike daftarini, na mweka hazina atie sahihi. Kila kilomita tunayotembea tuweke Sh. 5 katika akaunti ya gari lijalo, isiguswe kwa jambo lingine. Wagonjwa wa usiku tumepatana na yule jirani wa pikapu, na pesa zake zimetengwa. Mwisho tuliandika mpaka: likikataliwa na fundi kwa usalama, au matengenezo ya mwaka, tukiacha matairi na oili, yakipita Sh. 125,000, ambayo ni nusu ya bei yake, tutaliuza bila mkutano mwingine wa kelele.

Yule mama aliyekwama gizani alikubali, lakini alisema neno moja ambalo tunawaachia: "Nimekubali kwa sababu ya daftari. Siku daftari likikosa sahihi, mimi wa kwanza kusema liuzwe." Sasa yeye ndiye analikagua kila Jumamosi, mtoto mgongoni.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Mashine, pampu au gari lenu lilipoharibika mara ya mwisho, ulikuwa uzee au uzembe?
2. Ni nani anayeandika gharama, na ni nani anayezisoma?
3. Mmeweka akiba gani ya kununua kingine?
4. Mpaka wenu ni upi, na umeandikwa wapi?