Uzito wa Tangazo na Uzito wa Mizani: Vipuri Vyepesi vya Bunduki Vinavyouzwa Mtandaoni Marekani

1. Utangulizi

AR-15 ilizaliwa nyepesi. Eugene Stoner na wenzake wa kampuni ya ArmaLite walipoibuni miaka ya 1950, walitumia alumini na plastiki mahali ambapo bunduki za zamani zilikuwa na chuma na mbao. Leo Wamarekani wengi huiunganisha wenyewe, wakinunua kipuri kimoja kimoja mtandaoni, na wapenzi wa bunduki nyepesi wako tayari kuongeza dola ili wapunguze gramu. Mnunuzi hawezi kukishika kipuri akiwa mbele ya kompyuta. Anachokiamini ni tarakimu iliyo chini ya picha, na kasoro kubwa ya tarakimu hiyo ni kwamba mara nyingi haisemi ni kitu gani kilichopimwa.

2. Kilichowekwa juu ya mizani

Mfano ulio wazi ni kikinga mkono, yaani ganda la alumini linalozunguka mtutu ili mpigaji asiungue. Ganda hilo halifungiki bila nati na skrubu zake, lakini muuzaji anaweza kulipima likiwa tupu. Nati ikiwa ya chuma, chenye uzito wa karibu mara tatu ya alumini kwa ujazo uleule, tofauti itajitokeza mara tu bunduki inapounganishwa. Darubini nayo huweza kupimwa bila betri wala kishikizo. Kipuri kinachouzwa kwa urefu mbalimbali kinaweza kutangazwa kwa uzito wa kile kifupi kuliko vyote.

Kosa la upande wa pili pia lipo. Duka likinakili uzito wa kifurushi cha posta, boksi na karatasi zake vinahesabiwa kuwa sehemu ya kipuri.

Halafu kuna vipimo vya Kimarekani. Ratili moja ina aunsi 16, si 10. Kwa hiyo ratili 1.4 ni gramu 635, ilhali ratili moja na aunsi nne ni gramu 567. Mwandishi wa tangazo akichanganya maandishi hayo mawili, gramu 68 zimeshapotea kabla fundi hajagusa chochote.

3. Mchoro na karakana

Tarakimu nyingine haikutoka kwenye mizani kabisa. Programu ya usanifu hukokotoa uzito kutokana na umbo na aina ya madini, kisha jibu hilo likapelekwa moja kwa moja kwenye tangazo. Mtutu wa chuma wenye urefu wa inchi 16 na unene wa milimita 16 ukiongezwa nusu milimita tu ya unene kwa urefu wake wote, uzito hupanda kwa takriban gramu 40. Mtengenezaji akiuimarisha mtutu wake bila kurekebisha tangazo, mnunuzi atapata mtutu bora kwa tarakimu ya ule wa zamani.

4. Sheria inafika wapi?

Sheria ya Marekani ya mwaka 1966 kuhusu vifungashio na lebo hudai kiasi halisi kiandikwe kwenye bidhaa za kutumika na kuisha nyumbani, kama sabuni. Vipuri vya bunduki havimo. Kinachobaki ni Sheria ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya mwaka 1914, ambayo tangu marekebisho ya 1938 inakataza udanganyifu katika biashara. Mwaka 1983 tume hiyo ilifafanua kuwa dai linalopotosha huhesabiwa pale linapoweza kuathiri uamuzi wa mnunuzi. Kipuri kinachouzwa kwa sifa ya wepesi kinaingia humo bila shida, lakini ni nani atakayefungua shauri kwa ajili ya gramu 30?

5. Mapendekezo

Kwanza, tangazo litaje kilichopimwa: pamoja na nati, skrubu na urefu gani. Pili, lieleze kama uzito ulipimwa au ulikokotolewa. Tatu, liweke kiwango cha chini na cha juu kwa gramu na kwa aunsi. Mnunuzi naye akipime kipuri kwa mizani ya jikoni kabla ya kukifunga, maana duka hukubali kwa urahisi zaidi kurudishiwa kipuri ambacho bado hakijatumika.